KIWANDA NA SHAMBA VIWE NA KALENDA MOJA

Haya ni maelezo yaliyotolewa mbele ya wakulima wadogo wa chai, wafanyakazi wa kiwandani na viongozi wa ushirika huko Lutindi, Wilaya ya Korogwe.



Nimeombwa nizungumzie uhusiano kati ya mnunuzi na mzalishaji. Mada hiyo ni pana, na wengi wenu bila shaka mnatarajia nianze na bei, kwa kuwa bei ndiyo inayozungumzwa katika kila mkutano wa wakulima tangu ushirika uanze. Leo nitaiacha bei kando kwa muda, nizungumzie siku. Nataka tuulizane: jani la chai likichumwa hapa Lutindi asubuhi ya Jumatatu, ni nani aliyeamua kwamba lichumwe siku hiyo, na kabla ya kuamua alikubaliana na nani?

Yapo mazao yanayoweza kumsubiri mnunuzi. Mahindi yaliyokauka vizuri yatakaa ghalani miezi mingi, na maharage vivyo hivyo. Mkulima wa mazao hayo akikosa lori wiki hii atalipata wiki ijayo, na huenda hata bei ikapanda wakati anasubiri. Jani la chai halina ghala. Likishakatwa mtini linaendelea kupumua, na kupumua huko huzalisha joto. Mkilishindilia ndani ya gunia na kuliacha juani kando ya barabara, baada ya saa chache linakuwa jekundu, na jani jekundu halitoi chai ya kunywewa na mtu anayejua chai. Ndiyo maana watu wa kiwandani husisitiza kwamba jani lililochumwa leo lifike leo. Likifika hutandazwa kwenye vitanda vya kunyaushia na kupulizwa hewa kwa saa kumi na mbili au zaidi, ndipo likatwekatwe, livundikwe, likaushwe na kuchambuliwa. Katika kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hupatikana kilo moja ya chai kavu.

Mti wa chai nao una saa yake. Wakati wa mvua chipukizi hukomaa upesi, na mchumaji hana budi kurudi kwenye mstari ule ule baada ya wiki moja au siku kumi. Wakati wa baridi na ukame hata wiki mbili zinaweza kupita. Akichelewa, majani mawili na chipukizi yanakuwa majani manne na bua gumu. Hapo atakuwa amepata uzito kwenye mizani na amepoteza ubora, tena mti wenyewe utakuwa umeanza kurefuka. Chai isiyochumwa haibaki kuwa chai, hugeuka msitu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, hapa tuna mzalishaji ambaye mali yake haiwezi kusubiri zaidi ya saa kadhaa, na mnunuzi ambaye vitanda vyake haviwezi kupokea zaidi ya kiasi fulani kwa siku. Watu wawili wa namna hiyo wakikosa kalenda moja, hasara ni lazima. Linalobaki ni kujua hasara hiyo itamwangukia nani, na jibu lake tunalijua: humwangukia yule aliyeshika jani. Karani akisema vitanda vimejaa, mkulima ndiye anayemwaga. Lori likiharibika njiani, mkulima ndiye anayemwaga. Kuni zikiisha kiwandani, mkulima ndiye anayemwaga, ingawa hakuna mtu aliyemwuliza habari za kuni.

Tulifikaje hapa? Chai ilijaribiwa katika milima hii ya Usambara wakati wa utawala wa Wajerumani, huko Amani, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Ilipokuja kulimwa kwa biashara ililimwa katika mashamba makubwa, na katika mashamba hayo shamba na kiwanda vilikuwa chini ya bwana mmoja. Alfajiri meneja alijua vitanda vingapi viko wazi, akampa mnyapara amri kwamba leo inachumwa sehemu fulani na kesho sehemu nyingine. Kalenda ilikuwa moja kwa sababu amri ilikuwa moja. Kibarua hakuulizwa lolote, na wazee wetu wanakumbuka ujira wake ulikuwaje. Hakuna anayetamani kurudi huko.

Baada ya Uhuru tuliamua kwamba mwananchi alime chai yake mwenyewe, katika robo eka au nusu eka yake, karibu na nyumba yake. Mwaka 1968 ikaundwa Mamlaka ya Chai Tanzania, na viwanda vikajengwa kwa ajili ya wakulima wadogo: Mponde katika milima yetu hii hii upande wa Lushoto, Katumba na Mwakaleli huko Rungwe, Lupembe huko Njombe, Maruku huko Bukoba. Ulikuwa uamuzi wa haki na mimi nautetea mpaka leo. Lakini yafaa ieleweke kwamba siku ile shamba lilipotenganishwa na kiwanda, ile amri moja ya alfajiri iliondoka, na mahali pake hatukuweka mapatano. Kiwanda kiliendelea kupanga siku zake kana kwamba mashamba bado ni yake. Mkulima naye akaanza kupanga siku zake kana kwamba kiwanda hakina mwisho wa kupokea. Tulirithi mitambo, hatukurithi kalenda.

Miaka ya mwisho ya sabini na miaka ya themanini iliuanika upungufu huo. Vita vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekula fedha za kigeni, mafuta yakawa adimu, vipuri vya malori vikawa vya kutafutwa kwa tochi, na barabara za milimani mnazijua wenyewe masika yanapokolea. Majani yaliozea vituoni. Vyama vikuu vya ushirika, ambavyo vingeweza kumsemea mkulima, vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, na havikurudi mpaka sheria ya 1982 ilipopitishwa. Kati ya miaka hiyo mkulima aliyekuta banda limefungwa alikuwa na mahali pawili pa kupeleka malalamiko yake: kwa Mamlaka ile ile iliyolifunga banda, au kwa mkewe.

Kisha ikaja sheria ya 1997, ikatenganisha kazi za Bodi ya Chai na zile za Wakala wa Kuendeleza Wakulima Wadogo, na viwanda vikaanza kupewa wawekezaji. Mponde kilibinafsishwa mwaka 1999. Mwaka 2013 kilisimama, kufuatia mgogoro kati ya mwekezaji na wakulima, na Serikali ikakirudisha mikononi mwake mwaka 2016, baadaye ikaikabidhi mifuko miwili ya umma, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, ikifufue. Sitaki kuingia katika kesi ya nani alikuwa na haki, maana si kazi yangu hapa. Nataka mtazame jambo moja tu. Kiwanda kikisimama, mwenye kiwanda hufunga mlango na kubaki na funguo mfukoni, na mashine zake zitamsubiri. Mkulima hana mlango wa kufunga. Chai yake inaendelea kurefuka usiku na mchana, na atakayerudi baada ya miaka kadhaa kuipogoa mpaka chini atafanya kazi ya miezi mingi bila senti moja.

Sasa niwape hesabu, na hii ni hesabu ya mfano tu. Tuseme kiwanda kinaweza kunyausha kilo 20,000 za majani kwa siku, na kinafanya kazi siku sita. Kwa wiki kitapokea kilo 120,000. Tuseme pia kwamba wakulima wote wa bonde hili wana majani ya kuchuma kilo 120,000 hizo hizo kwa wiki. Kwenye karatasi hakuna tatizo, na mtaalamu wa ofisini ataandika kwamba uwezo unatosha. Lakini Jumapili watu wako kanisani, siku ya gulio watu wako gulioni, kukitokea msiba kijiji kizima kiko msibani, na matokeo yake Jumatatu zinakuja kilo 30,000 na siku ya gulio zinakuja 10,000. Jumatatu kilo 10,000 zimekosa kitanda, na humo mlikuwa na zaidi ya tani mbili za chai kavu. Siku ya gulio kiwanda kimewasha moto ule ule, kimewalipa watu wale wale, kimetumia umeme karibu ule ule, kwa nusu ya kazi. Mkulima amepoteza, kiwanda nacho kimepoteza, na jioni kila mmoja anamwita mwenzake mwizi.

Hapo hakuna mwizi hata mmoja. Kuna upungufu wa karatasi moja, ambayo juu yake imeandikwa kijiji gani kinachuma siku gani.

Wenzetu wa Kenya waliliona jambo hili mapema. Shirika lao la maendeleo ya chai, KTDA, lilianzishwa mwaka 1964 kwa ajili ya wakulima wadogo, na leo wakulima wanaopeleka majani katika viwanda vyake ni zaidi ya nusu milioni. Sisemi kwamba kila kitu kwao ni asali, maana ugomvi wa malipo ya mwisho wa mwaka na wa uchaguzi wa wakurugenzi tunausikia mpaka huku. Lakini tangu awali waliweka vituo vingi vya kupokelea majani karibu na nyumba za wakulima, kila kituo kikiwa na kamati iliyochaguliwa na wakulima wenyewe, na lori likiwa na njia na zamu yake. Mkulima anajua siku yake. Jani bovu hukataliwa mbele ya macho yake, pale pale, kabla halijachanganywa na la jirani.

Huko mbali zaidi, nchini Japani, kampuni ya magari ya Toyota ilijenga jina lake juu ya jambo hili hili la siku na saa. Mhandisi wao aitwaye Taiichi Ohno alianzisha utaratibu wa kadi: fundi wa mwisho akitumia kipande, kadi yake inarudi nyuma kwa aliyekitengeneza, nayo ndiyo ruhusa ya kutengeneza kingine. Hakuna anayerundika mali ambayo mwenzake hajaihitaji. Dunia nzima imeusifu utaratibu huo, na wengi wameuiga nusu nusu. Lakini tarehe 1 Februari 1997 moto ulizuka katika kiwanda kimoja cha kampuni ya Aisin, iliyokuwa ikiwauzia Toyota vali ndogo ya breki. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na akiba ya kutosha, siku chache tu baadaye sehemu kubwa ya viwanda vya Toyota nchini Japani ilisimama kwa kukosa kipande kinachoenea kiganjani. Kilichowaokoa ni kwamba wauzaji wengine makumi kwa makumi, hata wasiowahi kutengeneza vali hiyo, walianza kuitengeneza mara moja, wakikopeshana michoro na zana. Hawakusubiri kwanza kujua nani atamlipa nani. Walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka mingi, nao walijua hawatatupwa.

Nimeutaja mfano huo ili mtu asiondoke hapa akidhani kalenda peke yake ni dawa. Mnunuzi anayemdai muuzaji afike kwa saa, na yeye siku mambo yakimharibikia anamwacha muuzaji porini, huyo hana kalenda. Ana amri ya meneja wa zamani, iliyobadilishiwa jina tu.

Nije sasa kwenye kazi. Kalenda ya kuchuma ndiyo iliyo rahisi, nayo mnaweza kuipanga jioni moja mkiwa na meneja wa kiwanda na kamati za vituo. Iliyo ngumu ni ile ya nyuma yake. Chukueni kupogoa. Kila baada ya miaka mitatu au minne chai hukatwa, na baada ya kukatwa hukaa miezi mitatu hivi bila kutoa jani la kuchuma. Kama wakulima wengi wa bonde moja walipanda mwaka mmoja, kama ilivyotokea mahali pengi wakati wa kampeni, basi watapogoa mwaka mmoja, na kiwanda kitakuwa na njaa kwa miezi mitatu. Halafu chai yote itachipua kwa pamoja, na kiwanda kitavimbiwa. Dawa yake ni kugawana: robo ya eneo la kila kijiji ipogolewe mwaka huu, robo nyingine mwaka ujao. Lakini mkulima mwenye robo eka moja tu hawezi kuigawa mara nne, kwa hiyo mgawo hauna budi uwe wa kijiji, na wale wa zamu ya mwaka wasaidiwe kwa mkopo mdogo kutoka katika mfuko ambao kiwanda nacho kimeuchangia. Kiwanda kinafaidika na mgawo huo kuliko yeyote. Kisiombe ukarimu wa bure.

Kuni nazo zina kalenda. Kuni mbichi hazikaushi chai, zinatoa moshi tu, na chai iliyonusa moshi hujulikana mara moja kwa waonjaji wa mnadani. Kuni za kukaushia majani ya masika zinatakiwa ziwe zimekatwa na kupangwa juani miezi mingi kabla. Katika kila mkutano wa wakulima wa chai nimesikia bei ya majani ikijadiliwa kwa masaa, na sijasikia hata mara moja mkulima akisimama kuuliza, «Meneja, tuoneshe rundo la kuni za masika.» Ulizeni. Ni haki yenu, kwa sababu rundo hilo likiwa dogo ni majani yenu yatakayomwagwa. Mbolea ni hivyo hivyo: ile ya kuwahi mvua huagizwa mvua zikiwa bado mbali, na ikifika mvua zimekwisha imebaki kuwa deni kwenye gunia.

Wale wa mabondeni, Ngombezi na Magoma na Hale, wanalijua jambo hili kwa upande wa mkonge. Jani la mkonge likiwa bado mmeani linaweza kuvumilia miezi, lakini likishakatwa halina siku nyingi kabla ya kufika kwenye korona. Mkulima mdogo wa mkonge asiye na korona yake anajua maana ya kukata kabla ya kupewa zamu. Hatutofautiani sana nao, isipokuwa kwamba wao wana siku pale ambapo sisi tuna saa.

Sasa, ndugu zangu wakulima, haitakuwa haki nikiwasema wa kiwandani peke yao. Wamo miongoni mwetu wanaochuma siku isiyo yao, wakapitia njia ya nyuma ili wapimiwe kwanza. Wamo wanaolowesha majani maji ili mizani ikubali. Wamo wanaochelewa makusudi ili jani liwe refu na zito, kisha wanalalamika kwamba bei ya mnadani ni ndogo. Mkulima wa namna hiyo anamnyang'anya jirani yake kitanda. Kamati ya kituo iwe na uwezo wa kumrudisha nyumbani na gunia lake, na iwe hivyo hata akiwa mwenyekiti wa kamati. Hasa akiwa mwenyekiti.

Kwa upande wa kiwanda, neno langu ni moja, nalo najua halitapendeza. Kila jani lililochumwa siku ya zamu, kwa ubora uliokubaliwa, likafikishwa kituoni kwa wakati, lilipwe. Kama lori halikuja, lilipwe. Kama vitanda vilijaa kwa sababu kiwanda kilipokea majani ya mtu mwingine yasiyo ya zamu, lilipwe. Tunaweza kujadiliana kama iwe bei nzima au nusu, na mimi binafsi ningeanza na nusu, kwa kuwa sitaki kiwanda kife. Lakini isiwe sifuri. Ratiba ambayo kuivunja hakumgharimu yule mwenye nguvu si mapatano, ni tangazo la ukutani. Siku meneja atakapojua kwamba kuchelewa kwa lori kunamtoa fedha, lori litafanyiwa matengenezo usiku.

Mtaniambia kwamba kiwanda chenyewe hakijui kitauza lini. Ni kweli, nacho ni muuzaji mbele ya wanunuzi wakubwa. Kwa miaka mingi chai yetu imekuwa ikienda kwenye mnada wa Mombasa, ikapanda meli kwenda kuchanganywa katika nchi nyingine, na tangu Novemba 2023 tunao mnada wetu Dar es Salaam. Lakini chai kavu, tofauti na jani bichi, inaweza kukaa kwenye gunia lake miezi kadhaa bila kuharibika. Mnyororo huu una mahali pamoja tu pa kusubiria, napo ni ghala la kiwanda. Anayemiliki ghala ndiye anayeweza kubeba subira. Kumtwisha subira hiyo mama aliyesimama kando ya barabara na gunia la majani, mvua ikimnyeshea, ni kumtwisha mzigo yule peke yake asiye na pa kuutua.

Watu wa Lutindi hamhitaji kufundishwa na mgeni maana ya ratiba. Hapa pana hospitali ya wagonjwa wa akili iliyotokana na kituo cha mwaka 1896, ambayo leo iko chini ya Kanisa la Kilutheri, na kazi za mikono zimekuwa sehemu ya tiba yake tangu zamani. Wauguzi wake watawaambia kwamba mgonjwa anayejua kesho asubuhi atafanya nini hulala vizuri zaidi. Sioni kwa nini mkulima awe tofauti.

Napendekeza basi kwamba kabla ya mvua za vuli kamati za vituo na uongozi wa kiwanda wakutane hapa hapa, wala si mjini Korogwe, wakiwa na daftari la mashamba ya kila kijiji, idadi ya vitanda na uwezo wake, idadi ya malori yanayotembea kweli, na vipimo vya rundo la kuni. Wapange zamu za kuchuma, wapange zamu za kupogoa kwa miaka minne, waandike nani analipa nini zamu ikivunjwa, na Ofisa Ushirika wa Wilaya ashuhudie sahihi zao. Siku hizi karani anaweza kutuma ujumbe wa simu kwa wakulima wote kabla jogoo hajawika, na hilo ni jambo jema kwa kutangaza lori lililokwama. Lakini ujumbe wa simu hufutika, kwa hiyo mapatano yenyewe yawe kwenye karatasi, kwa Kiswahili ambacho kila mtu anakisoma, nakala moja kiwandani, nyingine kwenye ofisi ya ushirika, na ya tatu ibandikwe kwenye kila banda la mizani, chini kidogo, mahali ambapo mchumaji ataiona kabla hajashusha tenga lake mgongoni.